Bega la Kijana Linauma: Tazama Mgongoni Mwake

Labda maneno haya umeyasikia nyumbani mwako hapa Barumbu. Kijana wako wa miaka 15 alitoka alfajiri pamoja na baba yake mdogo, wakapiga kafi kwenda kutazama nyavu. Akarudi, akaenda shule, na alasiri akacheza volebo na wenzake. Sasa ni jioni. Ameketi mlangoni, naye anasema, "Mama, bega hili limekuwa zito. Nikiinua mkono linanichoma hapa." Anaweka kidole mbele ya bega, karibu na mwanzo wa mkono.

Unatazama. Hakuna uvimbe, hakuna jeraha. Unampaka mafuta, unamkanda kwa maji ya moto, unamwambia apumzike. Baada ya siku nne maumivu yamekwisha, anarudi mtoni, nayo yanarudi pamoja naye. Ndipo majirani wanaanza kusema. Mmoja asema ni utoto tu, yataisha. Wa pili asema kuna mtu aliyemwonea wivu kwa sababu ya ushindi wa mashindano ya mitumbwi. Wa tatu anamjua mzee achanjaye chale begani na kusugua dawa ndani yake.

Kabla ya kumfuata yeyote kati yao, fanya jambo moja lisilo na gharama. Mwambie kijana avue shati, ageuke, akupe mgongo.

Tazama kombe

Nyuma ya kila bega pana mfupa mpana, mwembamba, wenye pembe tatu, uliolala juu ya mbavu. Huo ndio kombe la bega. Ukiwa umechinja mbuzi umekwisha kuushika mkononi: ni ule mfupa bapa wa mguu wa mbele. Kumbuka jinsi mguu ule unavyotoka. Mguu wa nyuma lazima ukate kiungo, mfupa na mfupa. Mguu wa mbele hutoka kwa kisu peke yake, maana haukufungwa kwenye mbavu kwa mfupa wowote. Umeshikwa na nyama tu.

Sisi wanadamu tunao mtulinga, yaani ule mfupa mdogo uliolala mbele chini ya shingo, nao ndio mfupa wa pekee uunganishao bega na kifua. Zaidi ya huo, kombe letu nalo limeshikwa na misuli, na misuli ipatayo 17 imeshikamana nalo. Kwa hiyo kombe huteleza juu ya mbavu, hupanda, hushuka, huzunguka, huinama. Bila mwendo huo usingeweza kutungua papai.

Mwaka 1944 wataalamu watatu wa California, huko Marekani, Inman, Saunders na Abbott, walieleza hesabu ya mwendo huo. Ukiinua mkono toka pajani mpaka juu ya kichwa, umepita digrii 180. Karibu 120 hutoka katika kiungo chenyewe cha bega, na karibu 60 hutoka kwa kombe linalozunguka mgongoni. Sehemu mbili kwa moja. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba hesabu hiyo hubadilika kidogo toka mtu hata mtu, lakini jambo lenyewe limesimama: mkono hauinuki peke yake.

Mfikiri mvuvi asimamaye mbele ya mtumbwi ili atupe wavu. Mikono yake ni hodari, wavu wake ni mzuri. Lakini mwenzake aliye nyuma akilegeza kafi, mtumbwi unayumba, na wavu unaanguka vibaya. Watu wa ukingoni watasema, "Huyu hajui kutupa." Kosa si lake. Mkono wa kijana wako ni yule mvuvi, na kombe ni mtumbwi anaosimama juu yake.

Misuli ipi ndiyo ishikayo kafi ya nyuma? Nitaje mitatu tu. Wa kwanza umetoka ubavuni, juu ya mbavu, wenye ncha kama meno ya msumeno, ukapita chini ya kwapa mpaka ukingo wa ndani wa kombe. Kazi yake ni kulivuta kombe mbele na kulilaza juu ya mbavu. Wa pili ni sehemu ya chini ya ule msuli mkubwa wa mgongo, nao hulivuta kombe chini na kusaidia kulizungusha. Wa tatu ni sehemu ya juu ya msuli uo huo, hapa shingoni, nao huinua bega. Huyu wa shingoni ni mfanyakazi mwenye bidii isiyo na akili. Wenzake wawili wakichoka, yeye huichukua kazi yao yote, bega likapanda kuelekea sikio, na shingo ikakaza kama kamba. Mara nyingi kijana mwenye bega bovu anauma shingo pia, wala hajui kwa nini.

Basi kombe likienda vibaya, misuli midogo minne inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono hulazimika kufanya kazi bila msingi imara. Zamani walimu wetu walisema kwamba nyuzi zake hubanwa chini ya paa la mfupa lililo juu ya bega, na hayo ndiyo maumivu. Siku hizi wataalamu hawasemi hivyo kwa kila mgonjwa. Mara nyingi nyuzi zimechoka tu, zimepewa kazi kupita nguvu zake. Kwa mgonjwa tofauti si kubwa: maumivu yako mbele, na sehemu ya sababu iko nyuma.

Jinsi ya kupima

Msimamishe kijana mahali penye mwanga, nawe usimame nyuma yake. Kama ni binti, mama yake au dada yake ndiye atazame, naye ajifunge kikwembe chini ya makwapa, mgongo wa juu ubaki wazi. Mpe chupa mbili za maji, moja kwa kila mkono. Chupa ya lita moja na nusu yatosha kwa kijana asiyezidi kilo 68, kwa kuwa wataalamu hutumia uzito wa kilo 1.4 kwa mtu wa kadiri hiyo. Ainue mikono yote miwili mbele, polepole, ukihesabu mpaka tatu. Kisha aishushe kwa hesabu ya tatu. Arudie mara tano. Halafu afanye vivyo hivyo kwa kupandishia mikono kandoni.

Usitazame mikono. Tazama makombe mawili, na zaidi sana yanaposhuka, maana hapo ndipo uchovu wa misuli hufichuka. Je, ncha ya chini ya kombe moja inatokeza kama kona ya sanduku chini ya shuka? Je, ukingo wake wote wa ndani unainuka kama bawa la kuku? Je, bega moja linapanda kwenye sikio kabla mkono haujafika usawa wa kifua? Je, kombe linashuka kwa kuruka-ruka badala ya kuteleza? Ukiona mojawapo upande wa bega linalouma, weka alama moyoni.

Kisha fanya jaribio la pili, ambalo mimi nalipenda kuliko la kwanza, kwa sababu kijana mwenyewe hupata jibu. Ainue mkono unaouma, bila chupa. Wewe weka kiganja chako kimoja juu ya bega, na cha pili kwenye ncha ya chini ya kombe. Mkono unapopanda, isukume ncha ile taratibu kuelekea kwapani na juu, ulisaidie kombe kuzunguka. Kama anasema, "Sasa hauchomi sana," umekwisha kumwonyesha mlango wa kuponea.

Lakini usimtie mtoto hofu. Kombe liendalo namna yake si ugonjwa. Mapitio ya uchunguzi mwingi yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuta mwendo wa namna hii kwa wanamichezo 61 katika 100 wa michezo ya kuinua mkono juu ya kichwa, na kwa 33 katika 100 wa michezo mingine. Wengi wao hawakuwa na maumivu kabisa. Mapitio mengine, ya mwaka 2018, yaliwatazama wanamichezo wasio na maumivu: wale wenye kombe liendalo vibaya walikuwa katika hatari ya kuumwa baadaye iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 43. Ndiyo kusema, asiyeumwa asiitwe mgonjwa, bali mazoezi machache yatamfaa. Aumwaye ndiye mwenye haja nayo hasa.

Kwa nini vijana, na kwa nini hapa

Vijana wa mto hufanya kazi ya bega tangu utoto. Watazame Wagenia kwenye maporomoko ya Kisangani, wasimamao katika mitumbwi wakipiga kafi kukata mkondo, na kuvuta mitego mikubwa ya fito kutoka majini kwa kamba. Mabega yao ni ya ajabu. Lakini kafi na kamba huvuta, na mwenye kuvuta siku zote hukaza kifua na kusahau misuli ya kusukuma. Kijana akizoea kupiga kafi upande mmoja tu, kwa sababu hapo ndipo mahali pake katika mtumbwi, kombe moja hufanya kazi kuliko la pili miaka mingi. Ongeza juu yake volebo, handiboli, au kazi ya golikipa arushaye mpira kwa mkono. Ongeza panga shambani na bidoni la maji la lita 20. Ongeza kuinama juu ya simu usiku. Mabinti pia wasisahauliwe. Atwangaye sombe kila jioni kisha akacheza volebo siku ya Jumamosi ametumia bega lake kuliko kaka yake.

Nayo miaka yenyewe ni ya hatari. Kati ya miaka 11 na 16 mifupa hurefuka upesi kuliko misuli inavyopata nguvu, na kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana huonekana kama mtu aliyevaa mwili wa mwingine. Juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, pana sahani ya gegedu mahali mfupa unapokulia. Sehemu kubwa ya urefu wa mfupa ule, karibu 80 katika 100, hutoka hapo. Gegedu hilo ni laini kuliko mfupa, nalo laweza kuumizwa kwa kurusha mpira mara nyingi mno. Hilo halitibiwi kwa mazoezi ya kombe kwanza. Linatibiwa kwa kuacha kurusha, mara nyingi kwa miezi mitatu hivi.

Wakati wa kuja hospitali kwanza

Mlete kijana kwetu, au kwa daktari aliye karibu, kabla ya kuanza mazoezi yoyote, ukiona haya. Ameanguka au amevutwa mkono, na tangu hapo bega limebadilika umbo au mkono hauinuki. Maumivu humwamsha usiku, au yana homa, au amekonda. Mkono una ganzi au unaangusha vitu. Yeye ni mtoto wa miaka 11 hata 16 arushaye mpira, na maumivu yako juu ya mfupa wa mkono ukiubonyeza. Huyu apigwe picha. Pana nundu katika uti wa mgongo, maana kifua kikuu huweza kula mifupa ya mgongo na kuyapotosha mabega yote mawili.

Pia mlete kama bawa la kombe limetokeza ghafula, kubwa, na hawezi kuusukuma ukuta bila kombe kuruka nje. Yule msuli wa meno ya msumeno huamshwa na mshipa mmoja mrefu wa fahamu, upitao ubavuni chini ya ngozi bila kinga kubwa. Mzigo mzito wenye kamba mabegani, uliobebwa mwendo mrefu, waweza kuuumiza. Hata ugonjwa wa homa waweza. Mara nyingi mshipa huo hupona wenyewe, lakini kwa miezi mingi, pengine hata miaka miwili, na katika muda huo kijana anahitaji kuongozwa. Na kama makombe yote mawili yametokeza, naye hawezi kufumba macho kwa nguvu wala kupiga mluzi, na katika jamaa kuna mwingine wa namna hiyo, ni ugonjwa wa misuli wa ukoo. Asilazimishwe mazoezi mazito.

Neno juu ya chale. Sisi hatumcheki mzee achanjaye. Mara nyingi anampenda mtoto. Lakini wembe uliopita kwa wengine hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na dawa iliyosuguliwa katika jeraha huweza kuleta pepopunda. Kijana aliyekuwa na msuli mchovu asipate ugonjwa wa kuua kwa ajili yake. Wala usimtafutie sindano ya kutuliza maumivu ili acheze fainali ya Jumapili. Maumivu yakinyamazishwa, bega bado ni lile lile, na sasa hana wa kumwambia basi.

Mazoezi

Huko mjini Kisangani yuko mtaalamu wa viungo, ambaye watu humwita kine. Ukiweza kufika kwake, fika hata mara moja, akutazame. Lakini kazi kubwa hufanyika nyumbani, ukutani, juu ya mkeka, na hakuna awezaye kuifanya kwa niaba ya kijana. Watu wa mto huu hawashangai neno hilo. Tangu miaka ya 1920, Daktari Clement Chesterman wa Yakusu alipokuwa akipigana na ugonjwa wa malale, tiba ilipelekwa mpaka zahanati za vijijini, mikononi mwa wauguzi wa hapa hapa, wala haikungoja watu wafike kwa daktari mkuu.

Anza kwa kulegeza kilichokaza. Kunja kikwembe, ukivingirishe kiwe kama gogo jembamba, kijana alale chali juu yake, gogo likifuata uti wa mgongo kutoka shingoni hata kiunoni. Afungue mikono kandoni, viganja juu, avute pumzi polepole kwa dakika tatu au nne. Atasikia kifua kinafunguka. Kisha alale ubavu wa bega linalouma, ili kombe libanwe na mkeka, na kwa mkono mwingine auvute ule wa chini upite mbele ya kifua, taratibu, mpaka asikie mvuto nyuma ya bega. Hesabu 30, mara tatu. Kama maumivu yanachoma mbele ya bega, amevuta vibaya au kupita kiasi, apunguze. Haya mawili afanye kila siku.

Baada ya hapo ajifunze mahali pa kombe. Hili ni zoezi dogo, na vijana hulidharau, nami nawaambia wazazi wakae nalo juma zima bila haraka. Kijana aketi wima juu ya kiti. Weka vidole viwili kwenye ncha ya chini ya kombe lake, umwambie avilete vidole vyako chini kidogo na kuelekea uti wa mgongo, bila kutoa kifua kama askari, bila kupandisha bega. Mwendo wenyewe haupiti upana wa kidole. Ashike hapo kwa hesabu ya tano, aachie. Mara kumi. Mara ya kwanza atakosa, atainua bega au atakunja kiwiko. Vidole vyako ndivyo mwalimu wake, kwa sababu hakuna mtu awezaye kuuona mgongo wake mwenyewe.

Sasa ukuta. Asimame umbali wa mkono mmoja, viganja ukutani usawa wa mabega, viwiko vimenyooka. Bila kukunja viwiko, aache kifua kizame kati ya mabega, makombe yakaribiane. Kisha asukume ukuta mpaka mgongo wa juu urudi nyuma na makombe yatengane. Hapo ndipo msuli wa meno ya msumeno unapofanya kazi. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Akiweza mara 15 bila kuchoka, ahamie kwenye ukingo wa meza nzito, halafu sakafuni kwa magoti, halafu sakafuni kwa vidole vya miguu. Wengi hutaka kuanza sakafuni. Mzuie. Kombe likitokeza kama bawa wakati wa zoezi, amepanda daraja mapema, arudi ukutani.

Mwaka 2007 Ann Cools na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, walitoa uchunguzi wenye faida kubwa kwetu. Waliwapa watu wazima wa afya 45 mazoezi 12, wakapima misuli ya kombe, ili wajue ni yapi yanayoamsha misuli ya kati na ya chini bila kumwita yule wa shingoni achukue kazi yote. Manne yalisimama mbele, na yote hufanywa mtu amelala. Kwa nyumbani matatu yatosha. La kwanza: alale ubavu wa bega zima, mkono unaouma juu, kiwiko kimekunjwa na kushikamana na mbavu, kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu. Ashike chupa ya nusu lita, auzungushe mkono ili kiganja kitoke tumboni na kuelekea juu, kisha arudi polepole. La pili: akiwa amelala vivyo hivyo, anyooshe mkono juu ya paja, auinue kupitia mbele mpaka usawa wa uso, arudi. La tatu: alale kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mkono ukining'inia chini, auinue kwa kuunyoosha nyuma mpaka ufike usawa wa kiuno, ashike kwa hesabu ya mbili, ashushe. Kila moja mara 10 hata 15, duru tatu, siku tatu kwa juma, na siku ya kupumzika katikati. Chupa tupu kwanza, yenye maji baadaye.

Baada ya majuma matatu au manne, nenda kwa fundi atengenezaye baiskeli za toleka, umwombe mpira wa ndani wa gurudumu uliokwisha. Ukate kwa urefu upate ukanda. Ufunge kwenye nguzo, usawa wa kiuno. Kijana asimame akiitazama nguzo, ashike ukanda kwa mkono unaouma, na mguu wa upande wa pili uwe mbele. Akunje magoti kidogo, halafu asimame wima na kuvuta kiwiko nyuma kuelekea mfuko wa suruali, kombe likifuata. Kwa nini miguu? Kwa sababu nguvu ya kafi na ya mpira hutoka ardhini au katika kiti cha mtumbwi, hupanda kwa nyonga na kiuno, hupita katika kombe, ndipo hufika mkononi. Kijana mwenye kiuno legevu humlipisha bega lake deni ambalo si lake.

Kipimo cha kila siku ni hiki. Mchomo mdogo wakati wa zoezi si kitu, mradi umekwisha asubuhi inayofuata. Kama bega limeamka na maumivu kuliko jana, punguza uzito au hesabu, usiache yote. Katika majuma sita mambo mengi huwa yamebadilika. Wengine huhitaji 12. Kama majuma sita yamepita na hakuna nafuu yoyote, mlete.

Nami niseme ukweli mmoja ambao vitabu vingi hupita haraka. Mara nyingine maumivu huisha, nguvu hurudi, na bado ukitazama mgongoni kombe linatokeza kidogo kama zamani. Usimrudishe kijana mwanzo kwa ajili hiyo. Hatulitibu kombe lipendeze. Tunataka bega lichukue kazi.

Kurudi mtoni na uwanjani

Hapa ndipo wengi huharibu. Baba anahitaji mpiga kafi, mwalimu wa timu anahitaji mchezaji, na kijana mwenyewe anaona aibu kuketi ukingoni. Katika majuma ya mazoezi si lazima aache yote. Apunguze yale yanayochoma. Mchezaji wa volebo aweza kupokea na kupasi kwa chini, asipige mpira wa juu. Golikipa adake, lakini mpira autoe kwa mguu. Mpe kila mmoja siku moja au mbili katika juma zisizo na mchezo wala kafi.

Ainuapo mkono mpaka juu bila maumivu, mara kumi, akiwa na chupa, yuko tayari kuanza. Siku ya kwanza apige kafi kwa nusu saa, akishuka na maji, pamoja na mtu mzima awezaye kumpokea. Abadilishe upande kila baada ya muda mfupi, hata kama mwanzoni mtumbwi utakwenda kombokombo na wenzake watamcheka. Juma la pili saa moja. Kupanda kinyume cha mkondo kungoje juma la tatu au la nne, na mashindano yangoje zaidi. Mazoezi ya ukuta na ya ukanda asiyaache siku aliyopona. Ayafanye mara mbili kwa juma kabla ya mchezo, muda wa dakika kumi.

Na mara moja kwa mwezi, wakati wa kuoga jioni, mwambie tena akupe mgongo, ainue chupa zake mbili, nawe usimame nyuma yake na kutazama zinaposhuka.